Kanga Moja ya Bibi

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi katika sherehe ya Uhuru ya mwaka jana, hapa Uingereza. Tunaichapa kwa maombi ya wazazi waliokuwapo.)

   

Nimepewa dakika 20, na harufu ya pilau naisikia kama mnavyoisikia ninyi. Sitazipita. Kamati imenipa mada inayosema "Sanaa na Utamaduni Wetu Ughaibuni". Ni mada kubwa, na mimi si msanii. Kwa hiyo nitaianzia pale ninapopajua, nyumbani kwangu, chini ya kitanda, kwenye sanduku.

Mama yangu mzazi alifariki Tanga miaka minne iliyopita. Baada ya arobaini tuligawana vitu vyake, na mimi nikaomba kimoja tu: doti ya kisutu aliyovaa siku ya harusi yake. Kwa watoto ambao hamuijui, kisutu ni kanga ya rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwetu pwani ndiyo kanga ya bibi harusi. Nikaileta huku, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaitia sandukuni. Sikuivaa hata mara moja. Nilikuwa naitunza.

Mwezi Machi nilirudi asubuhi kutoka kazini, zamu ya usiku, nikakuta mkasi juu ya meza ya jikoni. Pembeni ya mkasi ilikuwapo kisutu, imekatwa.

Binti yangu ana miaka 17 na anasoma sanaa. Walikuwa wamepewa kazi ya shule: tengeneza picha inayoonyesha unatoka wapi. Naye alikuwa ameitengeneza. Alimchora mwanamke ameketi, amepakata mtoto, kama ile picha ya Bikira Maria mnayoiona kwenye vioo vya makanisa ya hapa. Nguo ya yule mwanamke ni kisutu cha mama yangu, vipande vyake vimegundishwa. Sura ni ya mama yangu, imetolewa kwenye picha yake ya pasipoti. Mkononi ana simu. Nyuma yake zimebandikwa nakala za barua za kuomba viza, zile za kukataliwa. Na kuzunguka kichwa chake kuna duara la dhahabu, kama la watakatifu.

Ndugu zangu, sikusema neno la busara. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kisha nikafanya kosa la pili: nikaipiga picha ile kazi na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Ninyi mnayajua makundi ya ukoo. Kaka yangu aliyeko Muscat akaandika ujumbe mrefu: mama alikuwa Mwislamu wa sala tano, leo anafanywa sanamu ya kanisani? Wifi yangu, ambaye ni Mkristo, naye akaumia kwa upande wake: Mama wa Yesu apewe simu ya kuchezea? Kwa hiyo binti yangu, kwa picha moja, alifanikiwa kuwaudhi Waislamu na Wakristo wa ukoo mzima kabla ya saa sita mchana.

Yeye hakulia. Aliniambia, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, maneno ambayo bado yananiwasha: "Mama, wewe una Tanga. Mimi nina sanduku lako tu. Na hata hilo hukunifungulia."

Sikuwa na jibu, ila hasira ilikuwapo. Nikaamua kumfundisha adabu kwa ushahidi. Nikasema nitamwonyesha kwamba kanga ni kitu chetu safi, kisichochanganywa na chochote, wala hakikatwi ovyo. Nikakaa na vitabu wiki mbili. Ushahidi ukanigeuka.

Ndugu zetu wa Mombasa huiita kanga leso, na leso ni neno la Kireno, jina la kitambaa cha mkononi. Historia inayosimuliwa pwani ni kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado kwenye jora. Wakakata sita sita, wakashona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Sikilizeni vizuri: wakakata. Kanga ya kwanza ilizaliwa kwa mkasi.

Baadaye wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, wakawa wanaagiza kanga zilizochapwa nje, Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Ule mchoro tunaouita korosho, au embe, asili yake ni Uajemi na Kashmir, na Waingereza wanauita kwa jina la mji wa Paisley, Uskoti, ambako shali zenye mchoro huo zilifumwa. Maandishi ya chini, yale tunayoyaita jina la kanga, zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja hizi za Kirumi. Baada ya Uhuru, kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968.

Na kanga haikuzikataa habari za dunia. Imebeba mwenge wa Uhuru. Imebeba sura ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2008 ilimbeba Barack Obama, kwa maneno ya kumpongeza na jina la Mungu humohumo. Siasa, dini, biashara na mambo ya mtaani, vyote vimo katika nguo ambayo mama anambebea mtoto mgongoni. Sasa mimi nilikuwa namgombeza binti yangu kwa kosa gani? Kwa kuchanganya? Kanga yenyewe ni mchanganyiko.

Nikasema basi, huenda tatizo ni dini. Huenda picha ya kidini haifai kuguswa. Hapo nikakutana na mchoraji wa Lubumbashi, na kwa kuwa ndugu zetu Wakongo wamejaa meza ile ya kushoto, nitamwelezea kidogo.

Anaitwa Tshibumba Kanda Matulu. Hakuwa mchoraji wa majumba ya matajiri. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akawauzia watu wa kawaida wa mji ule wa migodi picha za kutundika sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia mmoja, Johannes Fabian, picha kama 100 zinazosimulia historia ya Kongo tangu kale hadi zama za Mobutu. Kila picha aliieleza kwa mdomo, nao wakarekodi mazungumzo yao. Kwa lugha gani, watoto? Kwa Kiswahili. Historia nzima ya nchi kubwa kama ile ilisimuliwa na mchoraji wa mtaani kwa lugha ambayo ninyi mnaionea haya kuizungumza kwenye basi. Mwaka 1996 ikatoka kitabu kikubwa.

Katika picha zile, Tshibumba alichora kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa kule Katanga tarehe 17 Januari 1961, mwaka uleule ambao bendera yetu ilipandishwa. Lumumba amelala chini pamoja na wenzake wawili, Mpolo na Okito, waliouawa naye. Na kwa mbali, nyuma yao, imesimama misalaba mitatu.

Hakuna Mkristo wa Lubumbashi aliyehitaji kuelezwa ile misalaba. Watu watatu, misalaba mitatu, mtu asiye na hatia amesalitiwa na wa kwake. Wakati ule wa Mobutu si kila jambo lilisemeka waziwazi, lakini picha ilikuwa ukutani, na watoto walikula ugali chini yake.

Nikafikiri sana juu ya picha ile. Tshibumba alichanganya dini na siasa, lakini hakubahatisha. Aliujua msalaba unabeba nini kwa mtu atakayeitazama ile picha. Alijua uzito wa kila kitu alichokiazima. Binti yangu je? Lile duara la dhahabu aliliona kwenye kioo cha kanisa akalipenda. Hakujua linamwambia nini mjomba wake aliyeko Muscat. Na kisutu alikiona chekundu, kizuri. Hakujua ni nguo ya siku gani. Hapo ndipo nilipoanza kuliona kosa, na halikuwa lake peke yake.

Kuna mwingine, na huyu yu hai. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea uchoraji hapa London. Yeye hachori juu ya turubai la kawaida. Anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachotengenezwa na Waganda kwa kuponda gome la mutuba kwa nyundo za mbao. Kwa Waganda kitambaa hicho ni cha heshima: hutumika katika shughuli za kifalme, na wafu huzikwa wakiwa wamevingirishiwa. Armitage alikutana nacho kwa mara ya kwanza kwenye soko la watalii mjini Nairobi, kimegeuzwa kuwa bidhaa ya kuuziwa wageni. Sanda imekuwa kumbukumbu ya safari.

Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi wa Kenya, alikwenda kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, akaona umati, mabango, watu juu ya miti. Akaja kuyachora hayo kwenye lubugo. Gome lina matundu na mishono, na yeye hayafichi. Mshono unapita katikati ya uso wa mtu, tundu linabaki tundu. Mimi ninavyoiona, yeye haruhusu kitambaa kisahaulike. Anayetazama picha ya uchaguzi anatazama pia kitambaa cha maziko, na mwenye macho ataunganisha mwenyewe.

Wa mwisho ni wa kwetu kabisa. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake akafariki yeye akiwa mchanga, na mama yake, aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Amekulia huku, kama ninyi. Amekuwa profesa wa sanaa mjini Preston, na mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 63. Vijana mnaodhani mmechelewa, shikeni hesabu hiyo.

Mwaka 2007 alichukua vyombo vya zamani vya mezani, sahani na mabakuli vipatavyo 100, akachora juu yake watumishi weusi na mabwana na mabibi wa mji wa Lancaster, mji uliotajirika pia kwa biashara ya watumwa. Yaani chakula chako ukikimaliza, unakutana na uso wa aliyekilipia. Na kwa miaka mingi amekuwa akichora kanga: pindo, picha katikati, na jina chini. Kwenye maonyesho yake makubwa pale Tate Modern, bendera zilizochorwa kwa mtindo wa kanga zilikuwa zimetundikwa juu, watu wanapita chini yake. Mtoto aliyetoka Unguja hata kutembea hajajua, kanga imekuwa lugha yake. Hakurithi kwa kuishi kisiwani. Alijifunza, akauliza, akarudia tena na tena.

Basi nikarudi kwa binti yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, hatujamaliza. Tutampigia bibi yako wa Tanga, umwonyeshe mwenyewe." Ni mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu, ana miaka zaidi ya 80. Tukapiga simu ya video. Binti akasema shikamoo bibi, akaitikiwa marahaba, kisha akaigeuza simu kwenye ile picha. Mimi nikajificha nyuma ya mlango wa jokofu, naungoja moto.

Mama mdogo akakaa kimya muda mrefu. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya dini. Akauliza, "Kanga ni doti. Nyingine iko wapi?"

Kweli. Watoto, kanga huuzwa mbili, ndiyo maana ya doti. Binti alikuwa amekata moja, nyingine ilikuwa bado nzima ndani ya mfuko. Kwa hasira yangu sikuwa hata nimeitazama.

Mama mdogo akasema, "Hiyo nzima mwekee, ataiolewea. Hiyo aliyoikata ameshailipia kwa kelele zako." Kisha akamgeukia mjukuu. "Lakini hilo duara la kichwani ondoa. Dada yangu hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi, muulize mama yako. Usimvike taji ambalo hakuliomba."

Halafu akaanza kusimulia. Akasimulia siku ya harusi ile, nani alikifunga kisutu, nani alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, mvua ilivyonyesha. Akasimulia dada yake alivyokuwa akipepeta mchele barazani kila asubuhi, ungo umeinuliwa juu, jua la Tanga linapita ndani yake. Saa nzima. Mambo mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Binti yangu alikuwa ameshika penseli, anaandika.

Wiki iliyofuata akalibandua lile duara la dhahabu. Kwenye duka la ndugu zetu wa Kihindi akanunua ungo mdogo, akaushona pale pale nyuma ya kichwa cha bibi yake. Duara ni lilelile. Lakini sasa ni ungo. Mjomba wa Muscat alipotumiwa akajibu kwa neno moja: "Mama." Wifi yangu bado hajaipenda ile simu, na ana haki yake. Hatukukubaliana yote. Ila wote sasa tunaijua hadithi ya ile picha, na kabla ya hapo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua yote.

Picha yenyewe iko pale nyuma, karibu na meza ya chai. Mtakapokwenda kuchukua chapati, itazameni. Msiiguse, gundi yake bado ni ya mashaka.

Sasa nifunge. Itazameni bendera ile ukutani. Kijani, nyeusi na manjano zilipandishwa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Buluu ikaja na Zanzibar, baada ya Muungano wa mwaka 1964. Hata kile tunachokipigia saluti leo kiliunganishwa, na waliokiunganisha walijua kila rangi imetoka wapi. Kwangu mimi Uhuru ni huo. Uhuru wa kujichora wenyewe, kwa rangi tulizorithi na tulizookota njiani, bila kusahau tulipoziokota.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwenu wanangu, mliozaliwa huku au mliokuja wadogo. Changanyeni. Chukueni kanga, chukueni vioo vya makanisa, misikiti, mabasi, jezi za mpira, vyote mnavyoviona. Hakuna atakayewatoa Utanzania kwa kuchanganya. Lakini kabla ya kushika mkasi, ulizeni. Pigeni simu. Ulizeni hii ni nguo ya siku gani, huyu ni nani, neno hili linamuuma nani. Ukishajua, ukaamua kukata, utakuwa umekata kwa kujua, na utaweza kusimama mbele ya mjomba wako ukaeleza.

La pili ni kwetu wazazi, na linanihusu mimi kwanza. Fungueni masanduku. Tunaficha vitu tukidhani tunavitunza, kisha tunashangaa watoto hawavijui. Kisutu cha mama yangu kilikaa miaka minne ndani ya nailoni bila hadithi. Mtoto aliyekifungua hakukuta jina lake limeandikwa popote, kwa hiyo akakipa jina analolijua yeye. Usimlaumu aliyekata kitambaa ambacho hukumwambia ni cha nini.

Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kulala, toeni kitu kimoja. Kanga, kofia ya babu, tasbihi, rozari, picha ya harusi, kitambulisho cha zamani. Kiwekeni mezani. Mwambieni mtoto ni cha nani na kilikuwa cha siku gani. Na kama ninyi wenyewe hamjui, simu zipo, na wazee bado wapo. Hawatakuwapo siku zote.

Ile kanga nzima nimeitoa kwenye mfuko. Ndiyo hii niliyojifunga leo.

 Mungu ibariki Afrika, Mungu ibariki Tanzania, na atubarikie watoto wetu popote walipo. Pilau isipoe.